Kuotesha fuwele ya kikaboni, kuisoma kwa eksirei, na kuipima kama inazuia kutu ya bakteria

Watu wengi wakianza mradi wa namna hii wanaukata vipande viwili, huku fuwele na eksirei, kule bakteria na chuma, afu mwishoni wanavibandika kwenye ripoti moja kana kwamba vilikuwa pamoja tangu mwanzo. Shida inaanzia hapo. Ile fuwele uliyoipeleka kwenye mashine ni ndogo kama punje ya chumvi au chini yake, unga ulioutia kwenye chupa za bakteria umetoka kwenye gramu mbili nzima, na hakuna aliyekuhakikishia kwamba hivi viwili ni kitu kile kile. Ukikosea hapo, grafu zako za mbele zinaweza kupendeza sana na bado zinasema habari za kemikali nyingine. Kwa hiyo nitaeleza kazi kuanzia kutengeneza kemikali mpaka kupima chuma, lakini kila hatua nitakurudisha kwenye swali moja: kilichopo kwenye fuwele ndo kilichopo kwenye chupa?

Kemikali ya kuanzia

Chagua kitu rahisi. Mi napenda besi za Schiff, yani kemikali zinazopatikana aldehaidi ikiungana na amini, sababu zinatengenezwa kwa hatua moja, zinaganda vizuri, na zina naitrojeni ya C=N pamoja na pete za benzini, sehemu zinazojulikana kwa kushika uso wa chuma. Chukua salisilaldehaidi 1.22 g na para-toluidini 1.07 g, yani milimoli 10 kwa 10, weka kwenye ethanoli 20 ml, chemsha taratibu chini ya kondensa saa moja hadi mbili. Rangi ya njano inatokea mapema sana, mara nyingi hata kabla hujawasha moto, usije ukadhani kazi imeisha. Ukiiacha ipoe inaganda yenyewe, na kama kila kitu kingegeuka bila kupotea ungepata 2.11 g, ila ukweli utapata pungufu. Para-toluidini ni sumu na inapenya ngozi, hivo vaa glavu na miwani na kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, hapo hakuna mjadala.

Igandishe upya kwenye ethanoli ya moto, kausha, afu pima kiwango cha kuyeyuka. Ikiyeyuka ndani ya nyuzi 1 au 2 uko sawa, ikianza kulainika mapema na kuvuta nyuzi 5 au 6 rudi ukaisafishe. Fanya hivi kabla ya kufikiria eksirei, maana uchafu ndo adui wa kwanza wa fuwele, na pia bakteria wanaweza kufa kwa uchafu ule wewe ukadhani wamekufa kwa kemikali yako.

Kuotesha fuwele

Hapa panataka subira, na ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Fuwele nzuri ya eksirei ni ya kama 0.1 hadi 0.3 mm kila upande, huhitaji kubwa ya kuonyesha watu. Kinachoharibu ni haraka. Molekuli zinatakiwa zije chache chache zijipange, ukizilazimisha zishuke zote kwa mpigo unapata unga au sindano nyembamba kama nywele ambazo mashine haiwezi kuzifanyia chochote cha maana.

Yeyusha 10 hadi 20 mg kwenye kiyeyushi kama 1 ml, afu chuja kwa pipeti ya Pasteur uliyobana pamba kidogo shingoni. Usiruke hiyo pamba. Kila chembe ya vumbi ni mahali fuwele inapoweza kuanzia, na ukiwa na vumbi jingi utapata fuwele mia ndogo ndogo badala ya tano nzuri. Kichupa nacho kiwe kipya, kisicho na mikwaruzo, sababu ni ile ile. Kama wiki imepita na hakuna kilichotokea, hapo ndo unaweza kukwaruza kidogo ukuta wa ndani kwa kijiti cha kioo ili kuianzishia.

Njia ya kwanza ya kujaribu ni kuacha kiyeyushi kipae chenyewe. Funika kichupa kwa karatasi ya alumini au parafilm, toboa matundu mawili matatu kwa sindano, kiweke sehemu isiyotikisika, mbali na pampu, friji na mlango unaobamizwa. Halafu kiache. Hii ya kukiacha ni ngumu kuliko inavyosikika, unakuta mtu anakiinua kila asubuhi akitazame kwenye mwanga, na kila akikiinua anatikisa kimiminika na kuanzisha fuwele mpya. Angalia ukiwa umekiacha palepale kilipo. Na usisubiri kikauke. Mi nimewahi kukiacha kichupa kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu na matundu yalikuwa mapana mno, nilichokuta ni ukoko wa njano umepanda ukutani kama alama ya chai kwenye kikombe, na chini kabisa kitonge kimoja kigumu, hakuna fuwele hata moja ya kuchukua. Fuwele nzuri karibu mara zote ni zile za chini, zilizokaa ndani ya kimiminika, zile za ukutani juu ya kimiminika ziliganda kwa haraka na zimebeba uchafu wote uliobaki.

Kemikali ikiwa mkaidi, nenda kwenye mvuke. Weka myeyusho wako kwenye kichupa kidogo kisichofungwa, kwa mfano kwenye toluini au ethili asetati, kitumbukize ndani ya kichupa kikubwa chenye pentani kidogo chini, funga kile kikubwa kabisa. Pentani inachemka kwenye nyuzi 36 hivi na toluini kwenye 111, kwa hiyo pentani ndo inayosafiri, inaingia polepole kwenye toluini, na kemikali yako isiyoipenda pentani inaanza kusukumwa nje molekuli kwa molekuli. Ukichagua viyeyushi vyenye viwango vya kuchemka vinavyokaribiana, mvuke utasafiri pande zote mbili na utapoteza siku. Kuna pia kupoza taratibu, na kuna kumwaga kiyeyushi kimoja juu ya kingine kwenye bomba jembamba ili vichanganyike vyenyewe, zote zinafanya kazi, ila kwa kuanzia hizo mbili za juu zinatosha. Weka vichupa sita au nane kwa mkupuo, vyenye viyeyushi tofauti, na uandike kila kimoja kina nini. Hayo maandishi utayahitaji baadae kidogo, utaona kwa nini.

Kuchagua na kupiga eksirei

Usikaushe fuwele kabla ya kuzichagua. Nyingine zimefungia kiyeyushi ndani yake na zikikaa hewani zinageuka nyeupe kama chaki mbele ya macho yako, hizo zimekwisha. Chota chache pamoja na kimiminika chake, ziweke kwenye tone la mafuta mazito juu ya kioo, angalia kwa hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana. Zungusha jukwaa taratibu. Fuwele moja safi inazima yote kwa mpigo afu inawaka tena, na inazima hivo kila baada ya nyuzi 90. Ikizima nusu huku nusu nyingine ikiwaka, hizo ni mbili zimeshikana, jaribu kuzikata kwa wembe mkali ndani ya mafuta au tafuta nyingine. Dakika 20 za kuchagua vizuri zinaokoa siku nzima ya kupambana na data mbovu, hili nalisema kwa moyo wote.

Kwenye mashine yenyewe kuna mtu anayeiendesha, mheshimu na mpe taarifa kamili: molekuli unayoitegemea, viyeyushi ulivyotumia, kama kuna atomu nzito. Kwa kemikali ya kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni peke yake, mionzi ya shaba (urefu wa wimbi 1.5418 Å; Å moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) inatoa ishara kali zaidi kwenye fuwele ndogo kuliko ya molibdenamu (0.71073 Å). Wengi wanapima kwenye baridi ya karibu 100 K (kelvini, yani nyuzi −173 hivi), mkondo wa naitrojeni ukipuliza juu ya fuwele, sababu atomu zikitulia picha inakuwa kali. Muundo unatatuliwa na kusafishwa kwa programu ya SHELX, mara nyingi ndani ya programu nyingine, Olex2. R1, namba inayoonyesha muundo umepishana kiasi gani na data, ikiwa chini ya 0.05 kwa kawaida ni dalili njema, lakini sio cheti. Pitisha faili lako la CIF, yani lile lenye muundo wako wote, kwenye checkCIF, huduma ya kukagua miundo, na usome kila onyo la daraja A na B, ulielewe kwanza ndo uliandikie maelezo.

Nini cha kusoma kwenye muundo

Kwanza C=N yenyewe, iwe karibu 1.28 Å. Ukikuta imevutika kuelekea 1.32 na kifungo cha C–O nacho kimefupika, kutoka 1.35 kuelekea 1.29 hivi, basi haidrojeni imehama kutoka kwenye oksijeni kwenda kwenye naitrojeni na molekuli yako ipo kwenye sura nyingine. Usiamini sana mahali haidrojeni ilipowekwa na programu, eksirei inaona elektroni na haidrojeni ina moja tu tena imevutwa upande wa kifungo, kwa hiyo urefu wa vifungo vya atomu nzito ndo ushahidi wa kuutegemea zaidi. Halafu pima pembe kati ya pete mbili. Tangu 1929 Kathleen Lonsdale alipoonyesha kwa eksirei kuwa pete ya benzini ni bapa, wanakemia wamekuwa wakisoma ubapa kwenye fuwele, na kwenye kazi ya kutu ubapa una maana yake, molekuli bapa inaweza kulala juu ya chuma ikashika kwa pete na kwa naitrojeni kwa wakati mmoja. Inaweza. Ndani ya fuwele molekuli imebanwa na majirani zake, juu ya chuma kilicholowa majirani ni maji na ioni, hivo usiandike kwamba muundo umethibitisha jinsi inavyokaa kwenye chuma, haujathibitisha.

Sasa lile swali. Chukua CIF, ifungue kwenye programu ya Mercury, iambie ikukokotolee mchoro wa eksirei wa unga. Halafu chukua unga wako halisi, ule ule utakaouweka kwenye chupa, upime kwenye mashine ya unga, weka michoro miwili juu ya mwenzake. Vilele vikikaa mahali pamoja, endelea. Ukipima fuwele kwenye 100 K na unga kwenye joto la chumba, vilele vitasogea kidogo kwa sababu fuwele inasinyaa kwenye baridi, hilo ni kawaida. Ila kukiwa na vilele vipya kabisa, au vingine havipo, una kitu kingine humo.

Na kitu kingine chenyewe kina aina zake. Kama ni molekuli zile zile zimejipanga kwa namna tofauti, kwa jaribio la bakteria haina athari kubwa mradi inayeyuka yote, sababu ikishayeyuka mpangilio wa fuwele umekufa. Lakini kama unga umebeba kiyeyushi, mizani inakudanganya. Kemikali yetu ni 211.26 g/mol, ikibeba methanoli moja kwa kila molekuli inakuwa 243.30, kwa hiyo ukipima 211 mg ukidhani una milimoli 1 kumbe una 0.87 tu. Asilimia 13 imepotea kimya kimya kwenye kila chupa. Ndo maana nilikwambia uandike kila kichupa kilikuwa na kiyeyushi gani.

Kutu ya bakteria

Kwa kifupi, kuna bakteria wasiotaka oksijeni, maarufu ni Desulfovibrio vulgaris, ambao wanatumia salfeti badala yake na kutoa salfaidi. Salfaidi ikikutana na chuma inatengeneza ule weusi wa FeS (salfaidi ya chuma). Watafiti Von Wolzogen Kühr na van der Vlugt waliandika mwaka 1934 kuhusu mabomba ya chuma kuliwa hivo kwenye udongo usio na hewa, na mwaka 2004 ikaonyeshwa kuwa baadhi ya aina zinaweza kuchukua elektroni moja kwa moja kutoka kwenye chuma bila kusubiri haidrojeni. Kwa hiyo kizuia kutu chako kina kazi mbili zinazowezekana: kufunika chuma, au kuwadhibiti bakteria. Jaribio lako lazima liweze kuzitenganisha, la sivyo umepima mkorogo.

Neno la tahadhari hapa: kwenye fani hii herufi MIC zinatumika kwa kutu inayoletwa na vijidudu na pia kwa kiwango cha chini cha dawa kinachozuia ukuaji. Andika kwa kirefu, utawaokoa wasomaji wako.

Andaa chakula cha bakteria kiitwacho Postgate, chenye laktati na salfeti, tia resazurini kidogo kama kiashiria, pulizia naitrojeni. Rangi ya waridi ikipotea ujue oksijeni imeondoka, ikirudi ujue kizibo kinavuja. Punguza chumvi za chuma kwenye chakula, maana ukiziweka nyingi FeS itashuka kila mahali na hutajua weusi umetoka kwenye kipande chako cha chuma au kwenye chakula.

Vipande vya chuma cha kaboni visugue kwa msasa 400, 600 mpaka 1200, osha kwa asitoni, kausha, pima uzito hadi 0.1 mg, pima vipimo vyake vyote. Kuviua vijidudu tumia ethanoli 70% au taa ya UV, usiviweke kwenye otokleve (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto), vitatoka vina kutu kabla hujaanza.

Kemikali yako haipendi maji, kwa hiyo iyeyushe kwanza kwenye kiyeyushi cha DMSO (dimethili salfoksaidi) na uingize kidogo, jumla ya DMSO isizidi 1%. Ukiichuja kuondoa vijidudu tumia chujio la 0.22 µm la nailoni au PTFE (tefloni), la selulosi asetati DMSO inaliyeyusha. Ukiona chupa imekuwa na ukungu papo hapo baada ya kuingiza, kemikali imeshuka, na kiwango ulichoandika kwenye daftari sio kilichopo kwenye maji. Punguza kiwango, usijipe moyo.

Chupa zenyewe, kila moja na kipande cha chuma ndani, kila aina angalau tatu tatu: chakula bila bakteria, chakula bila bakteria ila chenye kemikali, bakteria peke yao, bakteria na DMSO tu, bakteria na kemikali, bakteria na glutaraldehaidi (dawa inayojulikana ya kuua vijidudu) kama kipimo cha kulinganishia. Na moja ambayo watu wanaisahau, bakteria na salisilaldehaidi. Sababu ni kwamba besi za Schiff zinaweza kuvunjika ndani ya maji zikarudi aldehaidi na amini, na salisilaldehaidi yenyewe inajulikana kwa kudhuru vijidudu. Kwa hiyo weka pia kemikali yako kwenye chakula kisicho na bakteria, pima UV kila siku, tazama kilele chake cha karibu 340 nm. Kikishuka siku hadi siku, kinachopigana na bakteria sio tena ile molekuli nzuri uliyoichora kutoka kwenye CIF. Nimeona mtu akilia machozi kwenye hatua hii baada ya miezi ya kazi, na kipimo chenyewe kingemchukua saa chache mwanzoni.

Acha chupa siku 14 kwenye nyuzi 37. Kama una vipande vya kutosha, weka seti nyingine ambayo kemikali inaingia siku ya 7, baada ya utando wa bakteria kukaa kwenye chuma. Kuzuia utando usianze na kuuondoa ulioshika ni kazi mbili tofauti, bakteria walio ndani ya utando wanavumilia dawa mara nyingi zaidi ya wale wanaoelea.

Kusafisha chuma na kukokotoa

Vipande vikitoka vina FeS, na ukivitumbukiza kwenye asidi ya kusafishia kutu vinatoa gesi ya salfaidi ya haidrojeni. Harufu yake ni ya mayai viza, lakini usitegemee pua, kwenye karibu 100 ppm pua inaacha kuisikia na hapo ndo hatari inapokuwa kubwa. Kazi hii ni ndani ya kabati, mlango umeshushwa. Ondoa utando kwanza kwa brashi laini na maji, afu tumia myeyusho wa Clarke (asidi ya haidrokloriki yenye Sb2O3 20 g na SnCl2 50 g kwa lita) kwa muda mfupi, suuza, kausha, pima. Safisha pia kipande kipya ambacho hakikuingia chupani ili ujue asidi peke yake imekula kiasi gani, utoe hicho.

Kasi ya kutu kwa mm kwa mwaka ni 87.6 × W ÷ (D × A × T), W ikiwa mg zilizopotea, D ni 7.86 g/cm³, A ni cm², T ni saa. Tuseme kipande cha 2 × 2 × 0.2 cm, eneo lake 9.6 cm², siku 14 ni saa 336. Hizi ni namba za kujifunzia tu: bakteria peke yao wamekula 18.0 mg, hiyo ni 0.062 mm kwa mwaka, na kemikali ikiwepo ni 5.4 mg, yani 0.019, umezuia asilimia 70. Watu wanaishia hapo. Sasa angalia zile chupa zisizo na bakteria, bila kemikali 3.0 mg, na kemikali 2.7 mg, kinga ya asilimia 10 tu. Maana yake kemikali haifuniki chuma sana, inawabana bakteria, na ile hadithi ya molekuli bapa kulala juu ya chuma haistahili kubeba makala yako. Hayo usingeyaona bila zile chupa mbili.

Kabla hujaweka vipande kando vitazame kwa hadubini. Kutu ya bakteria inapenda kutoboa vishimo, na kipande kinaweza kupoteza uzito mdogo huku kina shimo moja refu ambalo kwenye bomba lingekuwa uvujaji. Pima kina cha shimo refu kuliko yote kwenye kila kipande na ukiandike pembeni ya asilimia.

Chupa nyeusi zilizobaki usizimwagie asidi. Tia zinki asetati kwanza ili salfaidi ishuke kama ZnS, afu zipitishe otokleve, afu zipeleke kwenye taka za kemikali, na ule wa Clarke una antimoni kwa hiyo una chombo chake peke yake. Unga uliobaki ufunge, andika namba ile ile ya uandaaji kwenye kopo la unga, kwenye kichupa ilikotoka fuwele, na kwenye jina la faili la CIF.